Bibi Shamba Anajibu: Siyo Kila Ua Jeupe ni Pareto

Mvua zimekatika, maua yamejaa kandokando ya barabara kuanzia Uyole mpaka Isyonje, na barua zenu nazo zimejaa maua. Nimechagua chache. Mlioniuliza kuhusu mbolea ya ruzuku, subirini zamu yenu.

Shikamoo Bibi Shamba. Mbu wamezidi huku kwetu. Nikipanda pareto kuzunguka nyumba watakimbia? (Mama Watatu, Soweto, Mbeya)

Marahaba. Hawatakimbia. Swali hili nimelijibu masika, nikalijibu kiangazi, na bado linarudi, kila mara kutoka kwa mtu aliyetumiwa picha kwenye simu. Pareto ni ua linalotengenezewa dawa ya wadudu, na sumu yake imejificha ndani ya kichwa cha ua, sehemu kubwa ikiwa kwenye zile mbegu ndogo zilizobanana chini ya njano ya katikati. Haitoki hapo ikamfuata mbu dirishani. Asiyeamini apekue ua bichi shambani: anaweza kukuta vithiripi, wale wadudu wadogo sana, wamo humo humo, wanafyonza kwa raha zao. Lala ndani ya chandarua, mwaga maji yaliyotuama. Na dawa iliyomo kwenye chandarua chako, kama hukujua, ni binamu wa pareto aliyezaliwa maabara. Wataalamu waliiga umbo la sumu ya ua wakatengeneza isiyoharibiwa upesi na jua.

Bibi, kuna gugu limejaa kwenye mahindi yangu, refu, lina vichwa vidogo vyeupe vinavyogeuka manyoya. Kijana wangu amesoma kwamba linafukuza viroboto. Nilikaushe nitandike chini ya godoro? (Mkulima, Tukuyu)

Kwa maelezo yako, hilo ni Conyza, ambalo siku hizi wataalamu wengi wanaliweka kwenye jenasi, yaani kundi la mimea ndugu, ya Erigeron. Kwao ni Amerika, kwetu ni mgeni aliyekataa kuondoka. Kijana wako hakuota. Ulaya ya zamani watu walikuwa na maua kadhaa ya jamii hii waliyoyachoma au kuyatandika nyumbani ili kufukuza viroboto, mpaka jenasi mojawapo ikaitwa Pulicaria, kutokana na neno la Kilatini la kiroboto. Lakini jina ni jina. Mtu anaweza kuitwa Tajiri na akakukopa nauli.

Hata hilo Erigeron lina maana: kwa Kigiriki ni kama kusema mzee wa mapema, kwa sababu linaota mvi likiwa bado halijamaliza kuchanua. Hizo mvi ndizo zinazopaswa kukunyima usingizi, mama, kuliko viroboto. Shina moja la aina ya Kanada linaweza kutoa mbegu laki mbili, na kila mbegu ina mwavuli wake wa kupeperukia kwa jirani. Wale mnaopenda kupiga dawa ya magugu badala ya kushika jembe, sikieni: huko Marekani, mwaka 2000, Delaware waligundua gugu hilohilo halifi tena kwa glaifoseti. Ling'oe sasa, kabla ya manyoya. Godoro litoe juani.

Nipo Kyela. Nataka kuanza kilimo cha pareto. (Kijana Mpambanaji)

Pareto inataka baridi ndipo itoe ua. Una joto la ziwa, una mpunga, una kokoa. Tulia.

Marehemu bibi yetu kule Makete alikuwa na unga wake wa pareto wa viroboto, na ulifanya kazi kweli. Mimi nimesaga, haufanyi. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mafinga)

Hili ndilo swali. Bibi yako hakuwa na ua tofauti na lako. Alikuwa na mkono tofauti.

Nyanya yangu mimi alichuma kila baada ya wiki mbili hivi, na hakuchuma ovyo. Aliinamia ua, akaangalia ile njano ya katikati. Vijiua vyake hufunguka kwa mistari kuanzia pembeni kwenda ndani, na alingoja mistari mitatu au minne iwe imefunguka. Kichwa kikiwa bado kimefumba, sumu haijakolea, kikishachakaa, imepungua. Kisha akakianika chanjani siku hiyohiyo, tabaka jembamba, maana pareto mbichi ikilundikwa kwenye gunia inapata joto na kuiva yenyewe. Alijua imekauka pale ua lilipovunjika kiganjani bila kunata. Kilo nne za mbichi zinaacha kama kilo moja tu, na hapo ndipo wengi wanapoona uchungu wakaanza ujanja.

Baada ya kutwanga na kuchekecha aliufungia unga kwenye debe lenye mfuniko, gizani. Wewe najua umeuweka kwenye chupa ya kioo dirishani upendeze. Mwanga wa jua unaivunja sumu hii upesi sana. Ndiyo maana unga unanyunyizwa jioni, kwenye nyufa za sakafu na kitanda, na kurudiwa.

Jambo jingine: kiroboto akiguswa na pareto huanguka hapohapo akitikisa miguu, maana sumu inamvuruga mishipa ya fahamu. Ukidhani amekufa ukaenda kulala, asubuhi unaweza kumkuta mzima. Dozi ikiwa ndogo mwili wake unaivunja na anaamka. Fagia walioanguka, tupa motoni.

Hujaniuliza, lakini nasema. Funga kitambaa puani unapotwanga, na ukiona mikono inawasha na kutoa vipele, achia mwingine kazi hiyo. Usioshe kinu mtoni, samaki hawaiwezi pareto hata kidogo. Na kamwe usichukue dawa ya permethrini ya mbwa au ya kuku ukampaka paka kwa kuwa dukani wamekwambia “ni ya pareto”. Siyo pareto, ni yule binamu, na paka anaweza kufa kwa kutetemeka.

Mnunuzi amekataa gunia langu, anasema sumu ndogo. Si ananionea? (Kilolo)

Inawezekana. Pia inawezekana ulichuma vikonyo pamoja na maua ili uzito upande. Kiwanda hakinunui nyasi. Kinachotafutwa humo ni asilimia moja, ikizidi sana mbili, ya uzito wote, na kila kikonyo unachoongeza kinaipunguza.

Bibi, Kitulo kuna maua mazuri. Nikachimbue machache nipande nyumbani? (Mwalimu, Chimala)

Mwalimu mzima! Ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na mwenye bustani hajakutuma. Watu wamekwisha chimbua viazi vya maua ya okidi kule kwa ajili ya chikanda, chakula cha Zambia kinachopikwa kwa viazi hivyo, kiasi cha kutosha. Nenda, piga picha, rudi mikono mitupu.

Dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya duara, imetokana na pareto kwa hiyo ni ya asili. Naweza kuiwasha chumba cha mtoto mchanga? (Baba Mpya, Iringa)

Hongera kwa mtoto, na hapana. Ni kweli asili yake ni pareto. Mjapani Ueyama Eiichiro aliitengeneza kama vijiti karibu mwaka 1890, vikawa vinaisha usiku haujafika mbali, mkewe Yuki akashauri vizungushwe kama nyoka aliyelala. Lakini nyingi za leo zina dawa ya maabara, na hata ingekuwa pareto tupu, moshi ni moshi. Watafiti waliopima za China na Malaysia mwaka 2003 walikuta duara moja likiungua linatoa chembe laini za moshi sawa na za sigara 75 hadi 137. Wewe ungemvutia mwanao sigara hizo?

Mbegu ya pareto nitapata wapi? (Ileje)

Anza kwa jirani. Mvua zikishakolea, mwombe mashina yaliyokwisha chumwa mwaka mmoja au miwili, yapasue yawe vichipukizi vyenye mizizi, panda sentimita 60 mstari hadi mstari na 30 mche hadi mche. Chagua shina ulilomwona nalo likitoa maua mengi. Lile analokupa haraka haraka, muulize kwanza kwa nini.