Taa ya pikipiki ya zamani inafifia, acha kwanza kununua betri

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina SanLG 125 ya zamani, napigia bodaboda huku Ifakara. Taa kubwa ni hafifu sana, usiku mashimo nayaona nikiwa nimeshaingia. Nikipiga resi inaongezeka kidogo, nikiacha inafifia, na nikiwasha indiketa halafu nikapiga honi, honi inakoroma tu. Fundi wa hapa aliniambia betri imekufa, nikanunua mpya, hali ni ileile. Sasa anasema niweke betri kubwa zaidi na globu ya wati 60, mwingine anasema koili isukwe upya. Nianze na lipi?

JIBU: Kaka, usianze na lolote kati ya hayo. Hili swali la taa hafifu naulizwa kila mara, na karibu kila anayeuliza anakuwa ameshanunua betri, hela imeshatoka ndo anakuja kuuliza. Inaniuma sana manake hela ya betri kwa mtu wa boda ni hesabu ya siku kadhaa.

Kwa hizi pikipiki za Kichina zilizotokana na muundo wa Honda CG125, na nyingine nyingi za zamani, betri haiwashi taa kubwa. Haihusiki. Ndani ya kava la magneti (sumaku inayozungushwa na injini) kuna koili ya taa, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, inatoa umeme wa AC (unaobadili mwelekeo) kwa waya wa njano, unaenda mpaka kwenye swichi ya taa na kwenye globu, na regyuleta kazi yake hapo ni kuzuia volti zisipande ukipiga resi. Koili nyingine ndo inatoa umeme wa kuchaji, unapita kwenye rektifaya (ni kile kiboksi kimoja na regyuleta) unageuka DC (wa mwelekeo mmoja), unaingia kwenye betri kwa waya mwekundu. Ya tatu ni ya CDI (kifaa kinachotoa cheche) kwa ajili ya plagi, ndo maana unapiga kiki injini inawaka hata betri ikiwa imekufa kabisa.

Hakikisha mwenyewe leo. Injini ikiwa imezimwa fungua funguo, weka swichi ya taa on. Kama taa kubwa haiwaki mpaka injini iungurume, basi taa yako inakula moja kwa moja kwenye koili na ungeweka hata betri ya lori isingeongeza mwanga hata kidogo. Betri ni kama simtanki, inatunza kilichoingizwa, haitengenezi kitu. Hiyo honi na indiketa ndo vinakunywa kwenye betri, kwahiyo hapo una matatizo mawili tofauti na fundi wako ameyafanya moja.

Kufifia kidogo injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila resi) kwa pikipiki ya namna hii ni kawaida, imezaliwa hivyo, magneti inazunguka polepole na umeme unakuwa mdogo. Ambalo sio kawaida ni taa kubaki hafifu ukiwa unatembea gia ya tatu au ya nne, na hapo mara nyingi koili haina shida, umeme unatoka vizuri ila unapotelea njiani kabla haujafika kwenye globu.

Watu hawaamini ni kiasi gani volti chache zinaua mwanga. Globu ya waya volti zikipungua asilimia 10 mwanga unapungua karibu asilimia 30. Zikipungua asilimia 20 unabaki na chini ya nusu ya mwanga. Chini ya nusu! Na asilimia 20 ya volti 12 ni volti 2 na ushee tu, ambazo zinaweza kuliwa na soketi moja iliyoungua na eathi (njia ya umeme kurudi kupitia fremu na injini) moja yenye kutu. Ndo maana nakataa hiyo globu ya wati 60. Pikipiki yako imetoka na globu ya wati 35, inavuta karibu ampea 3, ukiweka ya 60 inataka ampea 5, na koili haina uwezo wa kuzitoa, kwahiyo volti zinashuka na taa inakuwa nyekundu zaidi ya mwanzo, alafu joto linayeyusha soketi ya nyuma ya globu na kuchoma swichi ya kwenye usukani. Umenunua giza kwa bei ya juu.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta mita ya kupimia umeme, ya bei rahisi inatosha. Washa injini, washa taa, mwenzako ashike resi ya katikati isipande wala kushuka. Weka mita kwenye AC, pima waya wa njano pale kwenye soketi ya regyuleta ukilinganisha na bodi ya injini, alafu kapime palepale kwenye mguu wa globu ukilinganisha na waya wa kijani wa globu (ndo eathi yake). Usihangaike sana na namba yenyewe maana regyuleta inaukata umeme na mita za kawaida zinasoma AC ya namna hiyo kwa kubahatisha, we angalia tofauti ya huku na kule. Kama kule mwanzo ni kubwa na kwenye globu ni ndogo, umeme unapotea katikati na hakuna koili ya kusuka hapo.

Baada ya hapo gusa ncha moja ya mita kwenye bodi ya injini na nyingine kwenye waya wa kijani wa globu, taa ikiwa inawaka. Hapo inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti, volti nzima, eathi yako imekufa, na kwa pikipiki zilizopigwa rangi fremu au zilizokaa kwenye mvua na tope kama za huko bondeni eathi ndo ya kwanza kufa. Waya wa kijani umefungwa na bolti kwenye fremu, chini ya bolti kuna rangi na kutu, nani amewahi kuifungua? Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga tena, paka grisi juu. Alafu ongeza waya mpya wa eathi, wa milimita 1.5 za mraba, kutoka kwenye taa moja kwa moja mpaka kwenye injini, na mwingine kutoka injini mpaka hasi ya betri. Kazi ya saa moja, na hela yake haifiki hata robo ya betri.

Ukimaliza fuata waya wa njano. Fungua kila soketi unapopita, ukikuta plastiki imekuwa kahawia au pini imeungua usiisafishe, ikate uweke mpya, pini iliyoungua haina mkazo tena na itaungua wiki ijayo. Swichi ya taa nayo ifungue uisafishe. Na angalia sahani ya ndani ya taa, ikiwa imebabuka na kuwa nyeusi hata ukileta umeme wa TANESCO mwanga hautaenda mbele.

Upande wa honi pima betri kwa DC. Ikiwa imepumzika na imejaa inasoma 12.6 mpaka 12.8, ikiwa chini ya 12 haina kitu. Washa injini piga resi ya kati, inatakiwa ipande ifike 13.5 mpaka 14.5 hivi. Isipopanda, chaji haifiki, na betri mpya nayo itakufa kama ya kwanza, angalia waya wa chaji na soketi ya rektifaya kabla ya kununua rektifaya. Ikipanda kupita 15 regyuleta imekufa, ibadilishe haraka kabla haijachemsha betri.

Koili isukwe pale tu umeme unapokuwa mdogo kule mwanzoni kabisa, kwenye soketi inayotoka kwenye magneti, na eathi umeshaithibitisha. Na anayesuka awe anajua unene wa waya na idadi ya mizunguko iliyokuwepo, sio anazungusha waya wowote alionao mpaka nafasi ijae. Mwambie mapema pia kwamba magneti inatolewa kwa pula (kifaa cha kuivutia nje). Mtu akikaribia magneti na nyundo mzuie, kugongwa kunapunguza nguvu ya sumaku na kunaweza kuzipasua, halafu hakuna koili itakayokuokoa.

Wenye Honda na Yamaha za miaka ya 1970 za volti 6 haya yote yanawahusu zaidi. Wati zilezile kwenye volti 6 zinataka ampea mara mbili, kwahiyo kiungo kibovu kinachokula nusu volti kwenye mfumo wa 12 kwenu kinakula volti nzima, na volti moja kati ya sita ni nyingi mno.

Sasa hawa mafundi. Kuna wanaoikata regyuleta na kuunga njano moja kwa moja, taa inawaka kali, mteja anafurahi, analipa, anaondoka, akifika barabara kuu akafungua mafuta volti zinapanda na globu inakatika yuko kwenye kona gizani na abiria mgongoni. Kuna wanaoongeza asidi kwenye betri iliyochoka ili "ichangamke", wakati betri iliyopungua maji inaongezwa maji safi ya betri yasiyo na asidi, hiyo asidi inamaliza sahani za ndani. Kuna wa kuweka LED za rangirangi kwenye waya wa AC, zinapepesa, baada ya muda mfupi zinakufa, na hata zikiwaka zimewekwa kwenye sahani iliyotengenezwa kwa globu ya waya, mwanga unatawanyika kwenye macho ya anayekuja mbele, barabara yako mwenyewe huioni vizuri na mwenzako umempofusha. LED ina faida yake, inakula wati chache, lakini inataka DC iliyotulia na taa yake maalum, na kubadilisha pikipiki nzima iwe DC kunahitaji eathi ya koili itolewe na rektifaya ibadilishwe, sio kusokota waya mbili.

Na huko kusokota ndo kunanikosesha usingizi. Waya zinasokotwa kwa vidole, zinafungwa kwa nailoni ya mfuko, zinasukumwa chini ya tanki la petroli. Fyuzi ikikatika anaweka karatasi ya sigara au kipande cha waya, yaani kile kitu pekee kilichowekwa ili pikipiki isiwake moto kimeondolewa, juu yake kuna lita kadhaa za petroli na kati ya miguu yako. Fyuzi ikikatika mara mbili kuna waya umechubuka unagusa fremu, utafutwe huo waya, na fyuzi irudi ya ampea zilezile zilizoandikwa.

Kwahiyo kabla hujamuachia mtu funguo muombe apime mbele yako, betri, njano na eathi, akuonyeshe namba kwenye mita. Akisema yeye anajua kwa kuangalia tu, washa pikipiki yako uondoke, hata kama taa ni hafifu, maadamu ni mchana bado.