Fangasi ya miguu kuacha kuwasha si kupona

Wengi wetu hapa Nairobi fangasi ya miguu hutucheza hivi: unapaka dawa siku tatu nne, unasikia nafuu, tyubu inaingia kwa droo, na kabla mwezi uishe uko ndani ya matatu unasugulisha vidole kwa kiatu ukidhani hakuna mtu anaona.

Mimi nilikuwa naosha magari, gambuti asubuhi hadi jioni, soksi imelowa na ya kubadilisha hakuna. Ilianzia katikati ya kidole cha mwisho na jirani yake, na ni hapo huanzia kwa watu wengi juu vidole vimebanana na hewa haipiti. Ngozi ikawa nyeupe, laini, ukivuta inatoka, chini yake ni nyekundu na imepasuka, sasa maji ya sabuni ikiingia hapo utajua hujui.

Na tuache kuambiana ni uchafu. Soja wa usiku anaweza kuwa anaoga vizuri kukuliko lakini buti iko mguuni masaa 12. Hii fangasi hula keratini, ile protini ya ngozi ya juu, kucha na nywele, na hupenda joto na unyevu, kwa hivyo unaiokota tu kwa sakafu ya bafu ya ploti ama taulo mnatumia wawili.

Sasa dawa. Kuna kemisti fulani nilipewa tyubu ya mchanganyiko, muwasho ukaisha usiku huo huo nikafurahi sana, halafu polepole mabaka yakapanda hadi juu ya mguu. Kumbe ndani kulikuwa na steroidi. Steroidi hutuliza muwasho na wekundu lakini pia hushusha kinga ya ngozi, kwa hivyo fangasi inapata nafasi ya kutembea na wewe unadhani unapona. Soma yale maandishi madogo kwa boksi, ukiona betamethasone ama clobetasol, uliza ya clotrimazole peke yake, hiyo ni dawa ya kuua fangasi bila steroidi. Hiyo ya asilimia 1 unapaka mara mbili kwa siku, ngozi ikiwa kavu, unapita kidogo pale ugonjwa umeishia, na hata miguu ikikaa safi kabisa unaendelea wiki 2 zingine, yaani jumla inaweza fika wiki 4 hivi. Hapo kwa kuendelea ndio kila mtu huchoka. Kama unajijua huna subira, tafuta terbinafine ya kupaka, ile ya katikati ya vidole kawaida hutaka wiki 1, ingawa bei huwa juu kidogo.

Lakini dawa bila kukausha ni pesa imepotea. Ukitoka kuoga panguza kila katikati ya kidole, hiyo taulo isipande juu, na ukivaa anza na soksi kabla ya chupi. Usicheke, chupi ikipitia kwa miguu inabeba fangasi hadi kwa mapaja na huko muwasho wake hauna heshima. Viatu badilisha, hii ya leo ikauke kesho nzima, na za mtumba kabla uvae osha, anika jua likiwa kali. Bafuni ingia na slipa, hata kama ni ya kwako na familia, mtu mmoja akiwa nayo anaweza kuwaambukiza nyote.

Mambo ya kuloweka miguu kwa jiki ama kupaka petroli wachana nayo, unachoma ngozi ambayo tayari imepasuka.

Kucha ikishakuwa ya njano, nene, inamomonyoka, tyubu haitafika ndani. Hiyo ni ya vidonge, za miguu huchukua kama wiki 12, na daktari anaweza taka kupima ini kwanza, kwa hivyo usijinunulie. Na kama uko na sukari, ama mguu umevimba, una usaha, wekundu unapanda na homa imeingia, usipitie kemisti, enda hospitali siku hiyo hiyo.