Mtoto akibaguliwa skuli, usende peke yako

Mwanangu alirudi skuli siku moja, hapa Wete, Pemba, akavua viatu mlangoni na kukaa kimya. Nilipombembeleza akasema, "Mama, wamechaguliwa wa kupokea wageni. Mwalimu kasema anataka weupe weupe." Ana miaka tisa. Usiku nikamkuta mbele ya kioo, kajipaka poda uso mzima mpaka kwenye nyusi.

Asubuhi nilikwenda mbio, peke yangu, na hasira zangu. Nilikosea. Niliambiwa hayo ni maneno ya watoto, nikarudi nyumbani na machozi.

Kilichonisimamisha tena ni habari ya Barbara Johns, msichana wa miaka 16 wa Farmville, Virginia, Marekani. Mwaka 1951 skuli yao ya watoto weusi ilijaa kupita kiasi, wengine wakisomea kwenye vibanda vya karatasi ya lami vinavyovuja. Aliwakusanya wenziwe, wakagoma kuingia darasani, zaidi ya 400. Kisha wakaenda mahakamani; kesi yao ikaunganishwa na nyengine nne, na mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kuwa kutenganisha watoto kwa rangi katika skuli za serikali ni kinyume cha katiba. Wakubwa wa wilaya ile walikuja kufunga skuli zao zote za serikali, kuanzia 1959 hadi 1964, ili tu wasichanganye watoto. Kwa hiyo usitarajie kumaliza kwa siku moja.

Basi tafuta wazazi wenzio kwanza. Mimi nilipita nyumba kwa nyumba baada ya Alasiri, tukafika kina mama kumi na mmoja. Andikeni nani alisema nini na siku gani, kwa maneno ya mtoto mwenyewe, msiyapambe. Kisha ombeni jambo moja linalotekelezeka. Sisi tuliomba zamu: kila mtoto apokee wageni kwa mpangilio wa daftari la mahudhurio.

Tulisimama langoni saa moja asubuhi, siku tatu, na karatasi yetu. Hatukumtukana mwalimu. Mzee mmoja aliyepita alitukumbusha Septemba 23, 1964, Mzee Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alipotangaza elimu bila malipo kwa watoto wote, baada ya miaka ya skuli kugawiwa kwa asili za watu. Tuliiongeza kwenye karatasi.

Zamu zimeanza. Mwalimu bado hajamwomba mwanangu radhi, na muhula ukifunguliwa tutarudi, kwa hilo na kwa suala la nani anakaa mbele darasani.