tty, tty0 na console si kitu kimoja

Mkuu, umeuliza kama /dev/tty, /dev/tty0 na /dev/console, faili za Linux zinazowakilisha terminali (mahali pa kuandikia amri na kusoma majibu), ni kitu kimoja chenye majina matatu. Hapana. Mimi niliyachanganya kwa miaka, hadi siku yaliponikesha usiku kucha.

Nilikuwa na seva ya Linux isiyo na skrini, naifikia kwa waya wa siriali tu. Nikaiwasha upya. Ujumbe wa kerneli, yaani kiini cha mfumo, ukamiminika vizuri, kisha kimya. Nikaamini imekufa. Kumbe iko hai, inangoja nywila ya kufungulia diski, na inaiomba kwenye skrini ambayo haipo! Mstari wa kuwashia, yaani maagizo ambayo kerneli hupewa mashine inapowaka, ulikuwa na console=ttyS0,115200 (waya wa siriali) halafu console=tty0 (skrini). Kerneli huandika ujumbe wake kwenye konsoli zote zilizotajwa, lakini /dev/console, inayotumiwa na programu za mwanzo kabisa, hufuata ile iliyotajwa mwisho. Nilipogeuza mpangilio, ombi la nywila likanifikia.

Turudi kwenye majina. tty1 hadi tty63 ni terminali pepe, yaani skrini kadhaa za maandishi kwenye mashine moja: ukibonyeza Ctrl+Alt+F3 unaingia tty3. tty0 ni ile iliyo mbele ya macho kwa wakati huo, iwe ya ngapi. /dev/tty ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu kila programu ikiifungua hupata terminali yake yenyewe. Jaribu hii:

(echo moja; echo mbili > /dev/tty) > faili

"moja" itaingia kwenye faili, "mbili" itakutokea usoni. Ndiyo njia ambayo ssh, programu ya kuingia kwenye mashine ya mbali, huitumia kukuuliza nywila hata kama ingizo lake linatoka kwingine.

Madirisha ya terminali na wanaoingia kwa ssh hupewa /dev/pts/0, /dev/pts/1 na kuendelea; huzaliwa na kufa pamoja na kikao. ttyS0 ni poti ya siriali, ttyUSB0 ni ya adapta ya USB.

Usihamishe majina haya kichwa kichwa kwenda mifumo mingine. FreeBSD huanzia sifuri, terminali pepe ya kwanza ni ttyv0, na siriali ni ttyu0. OpenBSD utakuta ttyC0.

Kujua uko wapi, andika amri tty. Na kwenye Linux, kabla hujaondoa skrini kwenye mashine yoyote, soma /sys/class/tty/console/active: jina la mwisho humo ndilo lililoshikwa na /dev/console.