Kwa Rehema, kuhusu mpira mmoja

Mwanangu Rehema,

Marahaba, mama. Huku Columbus sote wazima, baridi tu ndiyo inatuchezea. Unasema kazini kwenu huko Cleveland habari ni moja tu, ya wale warushaji wawili wa timu yenu ya besiboli, Guardians, Emmanuel Clase na Luis Ortiz, walioshtakiwa Novemba 2025 kwa madai ya kurusha mipira vibaya makusudi ili wacheza kamari wapate. Na umeniuliza: mpira mmoja umerushwa ovyo, mechi yenyewe wala haikuamuliwa na mpira huo, sasa nani kaumia? Halafu mwishoni, kama jambo la kupitia tu, ukagusia mwenzako anayetaka umfungulie akaunti ya kubeti kwa jina lako. Hilo ndilo lililonifanya nikae niandike badala ya kukupigia simu.

Hao vijana wamekana mashtaka, kwa hiyo mimi na wewe tusijifanye mahakimu. Tutazame madai yalivyo. Zamani mtu alibeti nani atashinda. Siku hizi unaweza kubeti mpira mmoja tu: utakwenda kasi gani, utapita mahali pa kupigika au utatoka nje. Waendesha mashtaka wanasema Clase alikuwa akiwatonya wacheza kamari mapema, kisha anautupa mpira chini, na Ortiz inadaiwa alilipwa dola 5,000 kwa mpira mmoja. Hati ya mashtaka ina kisa cha Mei 2025, siku walipocheza na timu ya Dodgers. Mpira ukatoka nje kama ulivyopangwa, lakini mpigaji, Andy Pages, akaurushia gongo akaukosa. Ukirusha gongo ukakosa, mpira ule unahesabiwa halali hata ungepita wapi. Mkeka ukachanika. Mimi nilicheka, kisha nikafikiri: huyu Pages hakujua lolote, kazi yake ilikuwa kupiga mpira, na kwa kufanya kazi yake akawatia hasara watu asiowajua. Watu wa namna hiyo wakikasirika huwa hawamfuati mwenye mkeka.

Usidhani nabuni. Mei hiyohiyo mrushaji Lance McCullers Jr. wa timu ya Houston alikuwa na siku mbaya uwanjani, na ujumbe ukaanza kuingia wa kutishia kuwaua watoto wake. Polisi walipofuatilia wakamkuta mtu aliye ng'ambo, amelewa, amepoteza pesa zake kwenye ile mechi. McCullers hakuuza kitu. Umeuliza nani kaumia. Anzia kwa watoto wake.

Sasa la kale, maana hapa Ohio limetokea jirani yetu, Cincinnati. Tarehe 1 Oktoba 1919, mechi ya kwanza ya fainali, White Sox ya Chicago ikiwa ugenini kwa Reds wa Cincinnati. Mrushaji wa White Sox, Eddie Cicotte, alikuwa ameshapokea dola 10,000 za wacheza kamari ili timu yake ishindwe. Mpira wake wa pili ukampata mpigaji wa kwanza, Morrie Rath, mwilini. Ndiyo ilikuwa ishara kwa wacheza kamari: biashara imekubaliwa. Unaona, mama, hata ile fainali iliyouzwa nzima ilianza na mpira mmoja ambao mtu wa jukwaani angesema mkono umeteleza. Reds walishinda siku hiyo 9-1, na fainali wakaichukua kwa mechi 5 dhidi ya 3.

Wachezaji wanane wa White Sox walishtakiwa, saba wakasimama kortini. Agosti 1921 baraza la wazee wa mahakama likawaachia, wakatoka wanashangilia. Kesho yake kamishna mpya wa ligi, Jaji Kenesaw Mountain Landis, akawafungia maisha wote wanane. Watu wengi humlilia Joe Jackson, kwa sababu alipiga vizuri mno kwenye fainali ile. Mimi simlilii sana, dola 5,000 alizipokea. Anayeninyima raha ni Buck Weaver. Hakuchukua hata senti, na alicheza kwa nguvu zake zote. Kosa lake alikaa kwenye kikao cha kupanga, akasikia, akanyamaza. Akaomba kusamehewa mpaka anakufa mwaka 1956, hawakumrudisha. Ni adhabu kali, na sijaweza kuamua kama ilikuwa haki. Ila nakuambia alinyamaza kwa sababu ile ile ambayo wewe unashindwa kumkatalia mwenzako: ni mtu wako, mnakula pamoja, utamwambiaje.

Najua utanirudishia la unafiki wa ligi, na hapo umenishika. Mei 2018 Mahakama ya Juu iliondoa sheria iliyoyazuia majimbo kuruhusu kubeti michezo, na kabla mwaka haujaisha ligi ya besiboli ilikuwa imeshatia saini na MGM, kampuni ya kamari. Tangazo la kubeti liko ukutani, liko redioni kila mapumziko, halafu mchezaji anaambiwa asiguse. Mchezaji Tucupita Marcano alifungiwa maisha mwaka 2024 kwa kubeti, zikiwemo mechi za timu yake mwenyewe, na nyingi alipoteza. Walipowashtaki hawa wa Cleveland ndipo ligi ikakubaliana na kampuni za kubeti kwamba dau la mpira mmoja lisizidi dola 200, wala lisiunganishwe na mengine kwenye mkeka. Kwa hiyo dawa walikuwa nayo siku zote. Walisubiri nini? Faida, basi.

Lakini unafiki wao haukusaidii wewe. Turudi kwenye hiyo akaunti. Alikuwepo mwamuzi mmoja, Pat Hoberg, anayesifiwa kuwa na jicho kuliko wengi. Februari 2025 ligi ilimfukuza kazi. Uchunguzi haukuona mechi yoyote aliyoiharibu. Alikuwa ametumia akaunti za kubeti pamoja na rafiki yake, na rafiki huyo akabeti besiboli. Jicho lote lile, kazi ikaenda kwa mkono wa mtu mwingine.

Wewe si mwamuzi, ndiyo. Lakini akaunti ikiwa na jina lako, anayebeti ni wewe: kodi ni yako, maswali ni yako, na kama huyo bwana ana sababu ya kutotumia jina lake, sababu hiyo nayo unairithi. Umemuuliza kwa nini hatumii lake? Kama hujamuuliza, usimuulize tena, maana atakujibu vizuri na wewe una huruma.

Mwambie baba kakataa. Mimi nisingizie utakavyo, sema mzee wako ni Mtanga wa zamani, hasikii la mtu. Na kama namba yako ya hifadhi ya jamii umeshampa, usingoje Jumapili, nipigie leo hii nikitoka zamu.

Ni mimi baba yako.