Barua kwa mwanangu: chakula na mazoezi ya mpiga mbizi

Mwanangu mpendwa Yusufu,

Salamu nyingi kutoka hapa Kabale. Sisi hatujambo, na baridi ni ileile unayoijua. Ujumbe wako nimeupata. Unasema umekubaliwa kwenye mafunzo ya kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa huko Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, yatakayoanza baada ya miezi mitatu, na unaniuliza ule nini na ufanye mazoezi gani, kwa kuwa wenzako wa jimu wamekushauri uinue vyuma kila siku, unywe unga wa protini, na siku ya kuzamia usitie kitu tumboni. Nilikuwa muuguzi wa askari wa majini kabla ya kustaafu, kwa hiyo swali lako si geni kwangu.

Nianze na vyuma. Mtungi mmoja una uzito wa kilo 14 hivi au zaidi, na ukiongeza mkanda wa vipande vya madini ya risasi unaovaliwa ili kuzama, itakubidi uvibebe kutoka kwenye gari hadi mashuani ukikanyaga mawe yanayoteleza. Mgongo na mapaja lazima viwe imara, hilo sikatai. Lakini ukishazama, uzito ule hubebwa na maji, na kinachobaki kukutegemeza ni moyo uliozoea kazi na pumzi isiyo na haraka. Ukifika mita 20 chini, hewa unayovuta imebanwa takriban mara tatu kuliko ya juu, hivyo mtungi huisha upesi kwa kiasi hichohicho, na hewa yenyewe huwa nzito kupita kifuani. Mtu asiye na mazoezi anapopambana na mkondo huanza kuhema, kabonidioksidi hujikusanya mwilini mwake, kichwa humuuma, kisha hofu humvaa. Naye mwenye hofu hukimbilia juu akiwa ameziba pumzi, na hapo mapafu yanaweza kupasuka. Ndiyo maana ningependelea ukimbie na uogelee kuliko kuinua vyuma. Kozi nyingi za mwanzo hutaka mwanafunzi aogelee mita 200 bila kusimama na aelee dakika 10, nacho ni kipimo kidogo mno kwa kijana kama wewe. Jizoeze umbali mrefu zaidi, na walau mara moja kwa wiki uogelee ukiwa umevaa mapezi ya miguuni, kwa sababu hayo huchosha misuli ya mashavu ya miguu kwa namna ambayo kukimbia hakuizoezi, na mguu uliokakamaa majini ni balaa.

Kuhusu unga wa protini sina mengi: mukene, wale dagaa wa ziwani, na maharage vinakutosha, na fedha yako itabaki mfukoni.

Umeniuliza pia kama upunguze mwili. Punguza, ila polepole, nusu kilo kwa wiki, si kwa kujinyima katika wiki ya mwisho. Unapokuwa chini, nitrojeni iliyomo katika hewa ya mtungi huyeyuka katika damu na nyama za mwili, na mafuta huipokea kama mara tano kuliko maji yanavyoipokea. Ukipanda juu kwa kasi, nitrojeni hiyo hutoka kwa mapovu, kama soda inapofunguliwa ghafla, na mapovu hayo yakikaa kwenye viungo au uti wa mgongo huleta maumivu makali na hata kupooza. Wembamba peke yake hautakukinga, kwa kuwa kinga kubwa ni kufuata muda na kina ulichopangiwa, lakini kitambi kinaongeza hatari bila faida yoyote.

Jambo ambalo vijana hulipuuza kuliko yote ni maji ya kunywa. Utashangaa kwamba mtu aliyezungukwa na ziwa zima hukaukiwa, ila ndivyo ilivyo: hewa ya mtungini imekaushwa, jua la mashuani linakutoa jasho ndani ya vazi la mpira, na shinikizo la maji husukuma damu kutoka miguuni hadi kifuani, mwili ukadhani umejaa maji kupita kiasi na kuanza kuyatoa kwa mkojo. Nimewaona askari wakikataa kunywa asubuhi nzima kwa kuogopa kukojoa ndani ya vazi lile. Usiwaige. Damu iliyopungukiwa maji huzunguka kwa shida na inaaminika kuchelewesha utoaji wa nitrojeni. Kunywa kidogo kidogo tangu jana yake, na utazame mkojo wako: ukiwa wa manjano iliyokolea, bado. Waragi na bia ziache kabisa usiku wa kuamkia mbizi, hata kama kuna harusi.

Sasa chakula. Waliokuambia uzame na njaa wamekosea, kwa sababu maji huondoa joto la mwili kwa kasi mara nyingi kuliko hewa, hata maji yetu ya ziwa yasiyo baridi sana, na mwili huchoma chakula kufidia joto hilo. Kula muda wa saa mbili au tatu kabla ya kuzama. Mimi ningekupa uji wa ulezi, bogoya mbili, zile ndizi za kuiva, na yai la kuchemsha. Ile chapati yako ya mayai ya barabarani, inayovuja mafuta hadi kwenye karatasi, iache mpaka utakapotoka majini, maana ukiinamisha kichwa huko chini mafuta yale hupanda kooni, na kutapika ukiwa umeng'ata kifaa cha kupumulia si jambo la kujaribu. Maharage, kabichi na soda vilevile si vya asubuhi hiyo. Gesi itakayozalika tumboni ukiwa chini hutanuka unapopanda, nawe utaukunja uso mbele ya wenzako. Jioni, matoke kwa mchuzi wa karanga na mchicha, kula ushibe.

Baada ya kuzamia, usiende jimu siku hiyo, wala usijitolee kubeba mitungi ya wenzako kupandisha ukingoni ili uonekane hodari, kwa maana kazi nzito wakati huo huweza kusaidia mapovu kuvuka mapafu na kuingia kwenye mishipa iendayo ubongoni. Tena usianze safari ya kuja huku siku hiyohiyo. Ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari, na ndiyo sababu mwalimu wako atatumia majedwali ya muda na kina yaliyorekebishwa, lakini Kabale iko karibu mita 2,000, na kuupanda mwinuko huo kwa basi kuna hatari ya aina ileile na kupanda ndege: hewa ya juu ni nyepesi, na nitrojeni iliyobaki mwilini hutoka kwa mapovu. Lala Entebbe, upumzike siku nzima, ndipo uje.

Kabla ya mafunzo utapewa fomu ya afya ya kujaza. Ulipokuwa mdogo ulikuwa na pumu, na najua utashawishika kuiacha nafasi ile wazi. Iandike, umwone daktari akupime mapafu kwa kupuliza kwenye mashine, kisha unitumie majibu niyasome kabla hujalipa ada.

Mama yako akupendaye.