Barua kwa mwanangu: mnara wa Kudus na makaburi yake

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako kutoka Java, Indonesia, nimeupata. Unauliza kwa nini msikiti mkongwe wa mji wa Kudus una mnara kama hekalu la Kihindu, na kama inafaa watu kusali palipo na makaburi nyuma yake.

Ule ni msikiti tangu msingi wake. Jiwe la juu ya mihrabu lina tarehe ya 956 Hijria, yaani 1549. Aliyeujenga ni Ja'far Shadiq, aitwaye kwa heshima Sunan Kudus, mmoja wa mawalii tisa wa Java. Dola ya Kihindu ya Majapahit ilikuwa imeanguka, lakini ufundi wake ungali hai, na Sunan hakuona haja ya kuutupa. Ndiyo maana mnara ni wa matofali mekundu, mita kama 18, umepachikwa sahani za kauri, na juu wametundika ngoma kubwa ya kuitia watu.

Wazee wa huko husimulia kwamba Sunan alifunga ng'ombe uani mwa msikiti. Wahindu wakaja kumtazama mnyama wanayemtukuza, naye akawasomea habari za Sura ya Baqara, yaani Ng'ombe. Akawakataza wafuasi wake kuchinja ng'ombe, wasije wakawaumiza majirani. Mpaka leo mchuzi wa Kudus ni wa nyama ya nyati wa kufugwa. Mimi jambo hili linanigusa kuliko mnara wenyewe.

Sasa makaburi. Sunan amezikwa nyuma ya msikiti pamoja na jamaa zake. Kila tarehe 10 Muharram vitambaa vyeupe vya kaburini hubadilishwa, na umati hupewa wali na nyama vilivyofungwa kwa majani ya mtiki. Usiwadhanie vibaya. Ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, kama sisi. Wanasoma Yasini na tahlili, wanamwombea maiti wao kwa Mungu. Mbona hata Kizimkazi, Unguja, kwenye msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, masharifu wamezikwa ubavuni na hatujashtuka?

Ukirudi huko msikitini, ingia ndani mpaka ukumbi wa swala. Utakuta lango la kale la matofali limesimama katikati ya watu wanaosali. Walipopanua msikiti hawakulibomoa, wakalijengea paa juu. Nipigie picha yake, na pale kaburini usome Fatiha kwa niaba yangu.

Wako,
Baba